Maneno Niliyomlisha Mama Mdogo Kutoka Juu

Nyumbani kwa Bi Gower,
Nyumba Na. 14, Mtaa wa Lanyard,
Lambeth, London.

Jumapili, 23 Novemba 1958

Mpendwa dada Muriel,

Naanza kwa kukujulia hali wewe na nyumba yako yote huko Dunedin. Shemeji Colin anaendeleaje na ule mguu wake? Hester bado anakohoa, au joto la kwenu limemponya? Barua yako ya Agosti ilinifikia, na picha ya watoto nimeibandika ukutani juu ya kitanda. Alan amekuwa babu yetu mtupu, hata yale masikio.

Mimi ni mzima, ila nimechoka. Mgongo unaniuma kila asubuhi. Baridi imeingia mapema mwaka huu, na Bi Gower anatupimia makaa kama dawa. Ukiona mwandiko wangu umelala upande, usidhani nimekunywa. Viganja vyote viwili vimefungwa vitambaa, nashika kalamu kwa ncha za vidole.

Viganja hivyo ndivyo vilivyonifanya nikuandikie leo badala ya Krismasi. Mama yako ameacha jukwaa. Nami nina mkono wangu katika jambo hilo, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine kabla ya kulisikia kwangu. Nisome mpaka mwisho, kisha unihukumu.

Kwanza nikukumbushe kitu. Wewe maisha ya Mama Mdogo Winnie unayajua kwa upande wa aliyeachwa, na una haki. Alikuacha kwa mama yangu Rochdale ukiwa na miaka mitatu, tukalala kitanda kimoja, na yeye tukamwona Jumapili moja kwa miezi miwili, na kofia yake na zile peremende. Siku ya harusi yako alikuwa Leeds, maonyesho mawili, mchana na jioni. Sijasahau uso wako ulipokuwa unaliangalia lango la kanisa.

Lakini mimi nimefanya kazi chini ya paa moja naye miaka sita sasa, na upande wa pili nimeuona. Mwanamke yule aliingia kiwandani ana miaka kumi na miwili, akifagia chini ya mitambo ya kufuma, na akiwa na kumi na minane akatoroka na kundi la waigizaji lililokuwa likizunguka na mikokoteni miwili. Kila wiki mji mpya na mchezo mpya. Asubuhi anajifunza maneno ya wiki ijayo, mchana anafua soksi za kundi, jioni anaigiza bibi wa miaka sitini na yeye ana ishirini. Filamu zilipokuja, zile za bubu, akapendwa kuliko waliomzidi uzuri, kwa sababu mdomo wake ulisomeka. Kule kwetu alikuwa amejifunza kuongea bila sauti kama wafumaji wote, maana katika kelele ya mitambo ile hakuna sikio linalofaa kitu. Watu wa Rochdale walikuwa wakienda kumtazama na kuwaambia wengine alichosema hasa. Mara nyingine hakikuwa cha adabu.

Baadaye filamu zikapata sauti, naye akawa mama wa kila mtu: mama wa rubani, mama wa mwizi, mama wa askari asiyerudi. Hata leo dereva wa basi hukataa nauli yake. Ila yeye husema filamu ni kazi ya kusubiri kwenye kiti, na jukwaa ndiyo kazi. Alikuwa na miaka sitini na minane mwezi Septemba tulipofungua mchezo mpya hapa katika Ukumbi wa Peregrine, na jina lake liko juu kabisa ya mlango.

Ni mchezo wa mjane anayekataa kutoka nyumbani mwake. Yumo jukwaani tangu pazia linapofunguka mpaka linapofungwa. Hakuna pa kupumua.

Mimi nafanya kazi katika roshani ya kamba, juu ya jukwaa ubavuni, ambako watazamaji hawatuoni. Tuko watatu chini ya Mzee Cuthbert Pask. Kuta zote za turubai na mbao unazoziona jukwaani huning'inia juu kwa kamba, na sisi ndio tunaoziteremsha na kuzipandisha. Amri yetu ni taa mbili ndogo ukutani. Nyekundu ni kaa tayari. Kijani ni teremsha. Kijani ikiwaka hakuna kuuliza, hakuna kufikiri. Mzee Pask huwaambia wageni, “Ukitaka kufikiri, nenda ukawe mchungaji wa kanisa.”

Wiki ya pili ya mchezo, Mama Mdogo alisimama katikati ya sentensi. Nilikuwa juu, nimeegemea ukingo, nikaona shingo yake. Dada, mtu anapopotea kweli, shingo ndiyo hutangulia kujua. Sikufikiri. Nilifungua mdomo nikasema lile neno kwa namna ya kiwandani, midomo tu, wazi, kama mama Ada alivyokuwa akituita chakula kutoka upande wa pili wa barabara. Yeye akainua macho, akalipata, akaendelea.

Baada ya onyesho alinikuta kwenye ngazi za nyuma.

“Nani kakufundisha kupanua domo namna ile?”

“Dada yako.”

“Nilijua. Unalo lake kabisa, kubwa kama mlango wa stoo.” Kisha akanishika kola. “Umemwambia mtu?”

“Hapana, Mama Mdogo.”

“Basi usimwambie. Na kesho simama palepale.”

Nikasimama palepale kesho, na keshokutwa, na wiki tisa. Mwanzoni ilikuwa neno moja kwa jioni. Kufika Oktoba ilikuwa kumi. Kufika Novemba nilikuwa namlisha karibu sehemu ya pili yote. Nilijifunza mchezo mzima kwa masikio, mimi niliyeacha shule kabla ya kumaliza. Gazeti moja likaandika kwamba Winifred Haslam anapoinua macho yake unadhani anamwona Mungu. Alikuwa ananiona mimi, dada, na fulana yangu ya jasho.

Nilijua si kazi ya kufanywa na mtu aliyeshika kamba. Kila jioni nilijiambia kesho nitamweleza. Ukitaka kujua kwa nini sikumweleza, ni kwa sababu alikuwa akinishukuru. Maishani mwangu sijashukuriwa sana.

Sasa sikiliza kilichotokea Alhamisi ya tarehe kumi na tatu, onyesho la mchana.

Katika sehemu ya pili mjane anasimama nyuma kabisa, dirishani, anasema, “Fungueni dirisha, nataka kusikia ni nani anakuja.” Katika sehemu ya tatu ameketi mbele kabisa kwenye kiti, anasema, “Fungueni dirisha, nataka kusikia ni nani anaondoka.” Kati ya hayo mawili kuna kurasa tisa. Akishasema la pili, ukuta wa mbele wa nyumba unashuka nyuma ya kiti chake. Unashukia hasa pale dirishani alipokuwa amesimama katika sehemu ya pili. Ukuta ule una fremu ya mbao na chuma chini. Uzito wake ni wa ng'ombe.

Mama Mdogo alikuwa dirishani. Akasema “Fungueni dirisha,” akakwama, akainua macho. Mimi siku ile nilikuwa nimelala kwa saa tatu tu, maana tulipanga mbao za mchezo mwingine hadi asubuhi. Nikampa maneno. Nikampa ya sehemu ya tatu.

Sikujua kwamba nimekosea. Yeye akayachukua kama alivyopewa, akaendelea nayo vizuri, kwa sauti yake ile, akiyamaliza maneno ya sehemu ya tatu huku amesimama mahali pa sehemu ya pili. Chini pembeni kuna binti anaitwa Jocelyn, ndiye anayefuata kitabu cha mchezo na kuwasha taa zetu. Maskini akafungua kurasa haraka kumtafuta yuko wapi, akamkuta, akafanya kazi yake. Nyekundu ikawaka. Mzee Pask akafungua kamba. Kijani ikawaka.

Tukaanza kuteremsha. Mimi nilikuwa mbele, na wa mbele ndiye peke yake anayeona chini. Nikaona nywele zake nyeupe.

Nilikaza mikono. Kamba haikukubali, iliendelea kupita, na nilisikia harufu ya ngozi yangu. Nikaizungusha kwenye mkono na kujitupa sakafuni nayo.

“Enoch! Umelewa? Hiyo ni kijani!”

“Yuko chini yake, Mzee!”

“Nani?”

“Mama Mdogo! Shika! Mungu wangu, shikeni!”

Wakashika. Ukuta ulisimama juu ya kichwa chake, kiasi cha mkono mmoja. Vumbi likamwangukia begani. Aliinua macho akauona ule mstari wa chuma, na wala hakunyamaza, Muriel. Alimaliza sentensi. Akatembea polepole hadi mbele, akaketi kwenye kiti. Ndipo tukauachia ukuta ushuke. Watu wakapiga makofi, wakidhani ndivyo ulivyotungwa.

Jioni ileile meneja wa jukwaa, Bwana Gerald Stannard, akaandika katika daftari la siku kwamba Bi Haslam ameruka kurasa tisa na karibu afe. Habari ikatembea vyumba vyote vya kuvalia. Kwamba bibi amechanganyikiwa, kwamba Jumatatu nafasi yake itachukuliwa na Philippa Coyle, yule binti ambaye kazi yake ni kujifunza maneno ya mkubwa na kusubiri augue.

Sikulala. Nilikuwa nimefungwa kotekote. Nikinyamaza, wanamfukuza kwa kosa langu mimi. Nikisema kosa ni langu, lazima niseme pia nilikuwa nafanya nini pale juu, na hapo watajua kwamba bila mimi hawezi. Nilitafuta uongo wa kupita katikati. Ungekuwepo ningeusema, nakuambia kweli.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa Bwana Stannard. Alikuwa anakunywa chai amesimama.

“Bwana, kurasa tisa zile hakuziruka yeye. Nilimrusha mimi.”

“Umesemaje, Tattersall?”

Nikamweleza yote. Alicheka kidogo, kisha uso ukabadilika.

“Unamlisha maneno? Kutoka kule juu? Huku umeshika kamba?”

“Ndiyo, bwana.”

“Unajua kile kitu kina uzito gani?”

“Najua, bwana. Nilikuwa nimekishika.”

Akaviangalia viganja vyangu. Nilidhani ananifukuza papo hapo. Akasema, “Saa nane mchana nataka sehemu ya pili yote jukwaani. Yeye, bila wewe. Utakaa na mimi chini kwenye viti, na utavaa kofia mpaka puani. Akiweza, anaendelea, na wewe nakuhamishia kazi ya mlangoni. Akishindwa, Muumba anajua nitakavyomwambia.”

Saa nane akaja. Alikuwa amevaa lile koti la kijivu na lulu zake. Taa za kazi tu ndizo zilizokuwa zinawaka, viti vyote vitupu. Akaangalia chini akijikinga mwanga kwa mkono.

“Gerald, mmeniitia mtihani? Mara ya mwisho nilifanya mtihani nina miaka kumi na miwili. Nilifaulu, wakanipeleka kiwandani.”

“Ni mazoezi tu, Winnie.”

“Mazoezi ya nani? Mbona hapa jukwaani naona viatu vyangu tu?”

Akaanza. Dada, alikuwa mzuri. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tano. Bwana Stannard alianza kulegeza mabega. Mimi nilikuwa nimeuma midomo yote miwili ndani ya kinywa, ili isije ikafunguka yenyewe. Nilikuwa namwomba Mungu kwa kila neno, na kila neno likaja.

Akafika dirishani.

“Fungueni dirisha,” akasema.

Akaishia hapo.

Niliona shingo ile. Aliinua macho kwenye roshani ya kamba, na kule hakukuwa na mtu. Akaendelea kuangalia. Bwana Stannard aliweka mkono juu ya goti langu akanikandamiza, kwa sababu nilikuwa nimeanza kusimama. Jocelyn akasubiri, kisha akampa mstari kwa sauti, kama kazi yake inavyotaka.

“Nataka kusikia ni nani anakuja.”

“Nataka kusikia ni nani anakuja,” akarudia Mama Mdogo. Na baada ya hapo akakwama tena.

Jocelyn akampa wa pili. Akaurudia. Akampa wa tatu, na safari hii hakuurudia. Alikuwa ameacha kusikiliza. Alikuwa anavuta glavu yake kidole kimoja kimoja.

“Enoch yuko wapi?” akauliza.

Bwana Stannard akakohoa. “Yuko hapa na mimi.”

“Mvue hiyo kofia. Anaonekana kama mfu.”

Bwana Stannard akanivua. Tukaangaliana, yeye juu kwenye mwanga na mimi kwenye giza la viti. Nilikuwa na mstari wote kinywani. Ilibaki kufungua tu, na Bwana Stannard alikuwa anamwangalia yeye, si mimi. Asingejua. Wallahi, kama wasemavyo mabaharia, nilikuwa nafungua.

“Funga domo, mwanangu,” akasema. “Umefanya kazi za watu wawili vya kutosha.”

Kisha akamgeukia Bwana Stannard, na sasa ilikuwa ile sauti inayofika kiti cha mwisho bila kupandishwa.

“Mwite yule binti Coyle. Gauni langu lipunguzwe kiunoni, hana tumbo yule. Na mwambie asisimame pale dirishani akiinua macho, hata gazeti liandike nini. Kule juu hakuna kitu.”

Akashuka kwa ngazi ya mbele, ile ambayo mwigizaji haruhusiwi kushuka nayo, akapita kati ya viti mpaka barabarani. Bwana Stannard alibaki ameshika kofia yangu. Nadhani hakujua kuwa ameishika.

Siku tano hakusema nami. Nilikwenda kwake Camberwell kila asubuhi, akawa ananifungulia mlango na kurudi kwenye kiti. Siku ya sita akasema, “Ungeninyamazia tu, Enoch. Ningekufa chini ya ukuta wangu mwenyewe.” Nikamjibu, “Na mimi ningekuwa nimeushika.” Akanimiminia chai. Birika lilikuwa halina majani ndani. Nilikunywa yale maji ya moto mpaka mwisho.

Hilo ndilo ninalotaka ulielewe, dada. Si mistari peke yake. Juzi aliniuliza mara mbili Ada yuko wapi, na mama yangu tulimzika sote. Jana nilikuta jiko la gesi limefunguliwa bila moto. Mwenye nyumba ameona, hajasema bado. Bwana Stannard ameniacha kwenye kamba, nami nashinda kazini, na usiku ndiyo kazi yenyewe. Siwezi kumlinda kutoka Lambeth.

Sikuambii umsamehe. Mimi nani? Leeds alikwenda, na kanisani hakuja, na hilo halifutwi na makofi ya mtu yeyote. Nilimtajia jina lako nikijaribu kidogo, nikamwambia Dunedin kuna bahari na Hester anafanana naye. Akasema, “Muriel hajaniita.” Sikusikia hasira. Alisema kama anavyotaja kanuni ya kazi. Hajawahi kwenda mahali ambapo hakuitwa, na katika miaka hamsini ya kuitwa hajachelewa mara moja.

Kwa hiyo nakuomba umwite. Usimwandikie “karibu wakati wowote,” hilo halielewi, ataliweka kwenye droo. Mwandikie siku ya meli, saa ya kuwa bandarini, mlango gani, nani atampokea upande wa pili na amevaa nini. Andika kwa herufi kubwa, karatasi moja, uiandike kama amri. Mimi nitambeba mpaka bandarini na kukaa naye mpaka ngazi ivutwe. Ukiona huwezi, niambie hivyohivyo bila kuzunguka, nami nitaacha kamba nitafute kazi ya mchana. Lakini nijibu kwa ndege, usinijibu kwa meli.

Nisalimie shemeji Colin, Hester na Alan, na mama mkwe wako kama bado anakuuliza habari zetu. Mzee Pask anakusalimu ingawa hamjuani. Tangu siku ile yeye mwenyewe ndiye anayenifungia kamba zangu, na hunitukana kwa upole. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake, na ampe Mama Mdogo bahari tulivu ikiwa ni njia yake.

Mimi ndugu yako, ninayekupenda na ninayeisubiri barua yako,

Enoch Tattersall